Sweta Mbili Kutoka Ulaya

Habari za kifo cha mume wangu niliambiwa na mtoto anayeniita shangazi. Nilikuwa nimeketi mlangoni pa duka langu nachambua maharagwe, simu ikalia, nikasikia sauti ndogo iliyorekodiwa kwa haraka: "Shangazi, shikamoo. Mama amesema nikuambie baba ametutoka leo alfajiri. Tunamzika adhuhuri. Amesema usijilaumu usipowahi, uje utakapoweza." Sauti ilikuwa ya Mwende, msichana wa miaka minane anayeishi Ukunda, aliyepewa jina langu kwa kuwa mimi ndiye dada wa baba yake. Niliisikiliza mara tatu. Kisha nikaingia ndani, nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikatoa cheti cha ndoa chenye jina langu na la Daudi Kyalo, tulichopewa katika ofisi ya mkuu wa wilaya mbele ya mashahidi wawili, nikakitia kwenye mkoba. Mimi si shangazi wa yule mtoto. Baba yake alikuwa mume wangu halali, na siku ile niliapa kwamba nitakwenda Ukunda niitandaze ile karatasi mbele ya kila mtu, liwalo na liwe.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala tulikutanaje na Daudi, maana hayo hayasaidii kitu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, kutoka baridi moja ya Riyadh hadi baridi iliyofuata, na nitaanza na uongo, ambao ulikuwa wangu. Ilikuwa miaka ile mawakala walipokuwa wakitusomba kama mchanga kutupeleka Uarabuni. Wakala wangu wa Nairobi alinisukumia fomu akasema, "Mama, mwanamke mwenye bwana ni kesi. Akilia tu usiku mmoja anataka arudishwe. Andika single." Nikaandika. Daudi alikuwa amesimama nyuma yangu na akacheka, akasema hilo ni karatasi tu. Nilipofika Riyadh, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja wa shule na mumewe mfanyabiashara, Madam aliomba kuona picha za kwetu. Alipitisha kidole kwenye simu yangu, akafika kwenye picha ya Daudi amevaa shati jeupe, akauliza huyu ni nani. Ningeweza kusema jirani. Ningeweza kusema mchungaji. Lakini jina lake la mwisho na langu lilikuwa moja, Kyalo, na Madam alikuwa na pasipoti yangu kabatini, basi nikasema, "Huyu kaka yangu, Madam."

Alifurahi kupita kiasi. Dada yake wa Jeddah, tuliyekuwa tukimwita Madam Mdogo, alikuwa amefukuza dereva na hakutaka tena mtu asiyejulikana kwao. "Kaka yako anajua kuendesha?" Anajua. "Anavuta sigara?" Mafi, Madam, havuti. Miezi minne baadaye Daudi alishuka Jeddah na ikama yake, kibali cha kuishi, ikatengenezwa na mume wa Madam Mdogo, aliyekuwa kafili wake, yaani mdhamini. Nilipiga magoti katika chumba changu cha juu ya paa, kando ya mashine ya kufulia, nikamshukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Tulikuwa nchi moja. Kweli kati yetu kulikuwa na jangwa zima, na mbele ya watu tulikuwa kaka na dada, lakini nilijiambia miaka miwili itapita. Nilijiona mjanja sana, na nikikumbuka ule ujanja hadi leo nasikia aibu masikioni.

Baridi ya Riyadh haina mzaha. Maji ya bombani yanauma vidole, watoto wanakwenda shule wamefungwa makoti yenye manyoya, na mimi nilikuwa nalala na soksi zilizotoboka za mume wa Madam, tuliyemwita Baba. Shule zilipofunga, Madam na Baba waliamua kwenda Ulaya siku kumi, wao wawili peke yao, kuona theluji. Mimi na watoto wawili tulipelekwa Jeddah kwa bibi yao. Nyumba ilikuwa Al-Baghdadiyah, jumba la kizamani la ghorofa tatu lenye madirisha ya mbao, na bibi huyo, mama yao kina Madam, alikuwa amekataa katakata kuhamia mtaa mpya. Kila mtu alimwita Sitti. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye magoti mabovu, na hakuna jambo lililopita katika nyumba ile bila yeye kulitia mkono. Jikoni alikuwapo Saumu, msichana wa Kwale, mwenye mwanya na kicheko cha haraka. Alinipokea mzigo wangu mlangoni akasema, "Karibu dada, kaka yako ametusumbua wiki nzima na habari zako." Nyuma yake alisimama Daudi, ambaye Madam Mdogo alikuwa amemwachia mama yake awe dereva wake, na funguo za gari mkononi. Tulipeana mikono. Baada ya miezi saba, nilimpa mume wangu mkono kama mtu anayeomba kazi.

Zile siku kumi ndizo ndoa yote niliyokuwa nayo mwaka ule, na nazijua moja moja. Jioni Daudi alitupeleka baharini, Sitti mbele na kiti chake cha magurudumu nyuma ya gari, mimi na Saumu na watoto tumebanana katikati. Nilikaa nyuma yake makusudi. Nilijua kisogo chake, alama ya wembe chini ya sikio la kushoto, na nilikuwa nakitazama kutoka nyumbani hadi ufukweni na kutoka ufukweni hadi nyumbani. Tulipofika, Sitti alitandikiwa mkeka, akamimina chai ya mnanaa, akatulisha maharagwe na mkate wa moto, na kila mtu alikula mpaka akaegemea. Kaka na dada walikuwa na faida yao, sikatai. Mwanamume na mwanamke wasio na ndoa wakikutwa wamefuatana, hilo lilikuwa jela kisha tarhil, yaani kufungiwa na kurudishwa kwenu, lakini hakuna aliyeshangaa dereva kumpeleka dada yake sokoni. Mara mbili Sitti alitutuma mtaa wa Ghulail kununua bamia kavu na viungo, na mara mbili tulikwenda mbio, tukanunua, tukapanda ngazi hadi chumba cha rafiki yake Daudi, mlinzi Mkenya aliyekuwa akituachia ufunguo bila kuuliza. Godoro lilikuwa sakafuni na pazia lilikuwa shuka la maua. Mara ya kwanza nililia tu. Mara ya pili Daudi alisonga ugali kwenye jiko dogo la gesi, ukashika chini, tukagombania ukoko tukicheka kama wajinga.

Kila siku baada ya adhuhuri Madam alituma picha. Sitti aliziangalia akiwa ameinua simu juu ya pua, kisha simu ikazunguka mpaka ikafika jikoni. Madam na Baba kwenye daraja. Madam na Baba wakinywa chokoleti ya moto. Madam na Baba ndani ya koti moja, yeye amejificha kwapani mwa mumewe, theluji kwenye kope. Riyadh sikuwahi kuwaona wakishikana hata mkono, na hapo walikuwa wakicheka mbele ya mpiga picha wasiyemjua. Saumu alisema, "Jamani, mapenzi ya watu!" Daudi alikuwa mlangoni akinywa maji. Nilimtazama, naye akaangalia ndani ya kikombe.

Siku ya nane Sitti aliniita nimkande magoti. Alianza mbali, kama kawaida yake, akauliza kama wazazi wetu wako hai, akauliza kwa nini Daudi amefika umri ule bila mke. Nikasema maisha, Sitti. Akasema yeye ni mzee, magoti yameisha, na kabla hajafa anataka thawabu moja kubwa. Daudi ni mtu mwema. Saumu ni mtoto wa watu, anaswali, na amemwona akimpimia Daudi nyama nyingi kuliko wengine. "Nimemuuliza kaka yako kama atasilimu na kuoa," akasema. "Ameniambia, dada yangu ndiye mkubwa wangu, akikubali yeye mimi sina neno. Sasa wewe unasemaje, binti yangu?" Mikono yangu ilikuwa na mafuta hadi kwenye viwiko. Nakumbuka harufu yake, habasoda na karafuu. Nakumbuka pia kwamba Saumu alikuwa mlangoni na sinia, amesimama kabisa, hapumui. Ningesema ukweli pale pale ningebaki na mume wangu na sote wawili tungelala jela kwa kudanganya kwenye fomu. Ningenyamaza, ningempoteza au nisingempoteza, sikujua. Nikasema, "Ni vizuri, Sitti." Saumu aliweka sinia chini akanikumbatia, na tangu siku ile akaanza kuniita wifi.

Nilimpata Daudi kesho yake ndani ya gari, tukienda kuchukua dawa za Sitti. Nilimpiga ngumi begani mpaka gari likayumba. "Umefanya nini? Umefanya nini, Daudi?"

"Mwende, cool down. Ningesema nini? Nikatae halafu aulize kwa nini? Nilijua wewe utakataa. Nilikutupia wewe mpira ukatae."

"Kwa hiyo mimi ndiye nikatae?"

"Dada mtu akikataa ni sawa, hakuna wa kuuliza. Sasa wewe umesema ndiyo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na mimi nilikuwa nalijua hilo tangu zamani. Jambo gumu lilikuwa langu kila mara. Aliahidi kulivuta, kusema anataka kusoma dini kwanza, kuahirisha mpaka mikataba yetu iishe. Nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko ile kazi ya kukataa mwenyewe.

Madam na Baba walipitia Jeddah kutuchukua. Walirudi na mashavu mekundu na masanduku mawili ya zawadi, na Sitti alikuwa ameshawapigia simu kuwapa habari njema. Madam alifungua karatasi laini akatoa sweta mbili za sufu nyekundu, zenye paa weupe kifuani, moja ya kiume na moja ya kike. Alisema huko Ulaya wapenzi huvaa zinazofanana, na yeye na Baba wamejinunulia zao. Ya kiume alimpa Daudi. Nilinyoosha mikono, wallahi nilikuwa nimeshainyoosha, Madam akanipita akampa Saumu. "Na wewe, dada wa bwana arusi, chokoleti," akasema, akanibusu shavuni. Wakavalishwa pale pale, kwenye joto la Jeddah, wakasimama bega kwa bega, Baba akawapiga picha. Jasho lilikuwa likimtiririka Daudi kwenye panja naye alikuwa anatabasamu. Ndilo tabasamu lililonimaliza. Halikuwa la mtu anayeigiza.

Nikarudi Riyadh, na miezi iliyofuata sina la kusimulia isipokuwa kufua, kupika na simu. Mwanzoni Daudi alikuwa akipiga kila siku nikiwa naanika nguo juu ya paa. Kisha siku tatu mara moja, kisha Ijumaa tu, kisha nikawa napiga mimi. Mwezi wa Ramadhani alisilimu, na hakuhitaji hata kubadilisha jina. Aliyenipigia kila siku alikuwa Saumu. "Wifi, Daudi anapenda nini? Nikimuuliza anasema chochote." Nilikuwa nimeegemea tangi la maji, jua linanipiga utosini, nikamfundisha mke mwenzangu kupika mahindi ya kukoboa na maharagwe. Nikamwambia asitie vitunguu vingi. Nikamwambia akinyamaza asimsemeshe, amwache, atazungumza mwenyewe akishaoga. Mnaweza kuniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani nilitaka mtu fulani katika dunia ajue kwamba nayajua hayo. Saumu alikuwa akisema "Asante wifi, Mungu akuweke," na alikuwa anamaanisha, na hilo lilinikera kuliko matusi. Sikupata hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Baridi ikarudi. Madam na Baba wakaenda tena Ulaya, na mimi na watoto tukapelekwa tena Al-Baghdadiyah, lakini safari hii ukumbi ulikuwa umefagiliwa, mazulia yametandikwa na mbuzi amechinjwa. Asubuhi ya nikahi Daudi alinipeleka Ghulail kuchukua ubani. Hatukupanda ngazi za mtu. Tulikaa ndani ya gari mbele ya duka la Msudani, nikamwonyesha picha ya cheti chetu kwenye simu yangu. Nikamwambia leo ndiyo siku, halas, ama unasema wewe ama nasema mimi.

"Sema," akanijibu, akiangalia usukani. "Ukisema tunaenda tarhil wote watatu. Na Saumu amekukosea nini?"

"Usimtaje Saumu."

"Ni karatasi tu, Mwende. Tukirudi Kenya nitaiacha. Nikuapie?"

Akaapa. Aliapa kwa jina la mama yake aliyekufa, katikati ya wapita njia waliobeba mikate. Nikajifunga upya mtandio, nikaingia kununua ubani, nikachagua ule mzuri.

Wanaume walikuwa ukumbini na sheikh, sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa. Mimi ndiye niliyepika wali, kwa sababu mkono wangu ulisifiwa. Sitti alinikalisha karibu naye, mahali pa heshima, na Saumu alikuwa mbele yangu amepakwa hina hadi kwenye viwiko. Sheikh akauliza kutoka ukumbini kama jamaa wa bwana arusi wana neno. Sitti akanigeukia. Simu ilikuwa mapajani mwangu, picha imefunguliwa, ilikuwa ni kuinua mkono tu. Na mlango haukuwa umefungwa kabisa. Kupitia ule mwanya nilimwona Daudi ameketi kwenye zulia na kanzu mpya. Alikuwa ananitazama, na jicho lake nililijua, lilikuwa linaniomba. Nilifikiri linaomba nimwokoe. Niliporudi Riyadh, nikiwa nasugua sufuria, ndipo nilipolielewa lile jicho: lilikuwa linaomba ninyamaze.

"Sina neno," nikasema.

Vigelegele vikapigwa. Alasiri ile picha za Ulaya zikaja, Madam na Baba na sweta zao nyekundu, mbele ya mlima. Sitti akaamuru Daudi na Saumu nao wavae zao ili picha ya kujibu itumwe. Mimi ndiye niliyepewa simu nipige.

Wangu uliongezwa, kwa hiyo mkataba wao uliisha kabla ya wangu. Niliposhuka Nairobi hakuna aliyekuja kunipokea, ila nilikuta ujumbe wa maneno manne, "Nisamehe. Tuko Ukunda salama." Ningeweza kupanda basi siku ile ile. Watu wangu walisema twende, kaka zangu wa kweli walikuwa tayari na rungu. Nikakataa. Uoga ulikuwa umebaki Jeddah, kilichokuwapo sasa kilikuwa kiburi: nisimame mbele ya Saumu nimwambie kwamba nilimfundisha kupika? Kwa hiyo nikaendelea kuwa dada. Kila Idi Saumu alinipigia. Alipojifungua binti aliuliza jina langu kamili, nikamwambia, na nilipokata simu nikavunja kikombe ukutani. Na yeye, Daudi, katika miaka yote ile hakuwahi kushika simu mwenyewe. Nilisikia tu akikohoa nyuma ya sauti za watoto.

Nilifika Ukunda siku ya tatu, hitma imekwisha, wanawake wanakusanya sinia uani. Mmoja akauliza mimi ni nani, na kabla sijafungua mdomo mwingine akasema, "Si unaona? Ni dada wa marehemu, wamefanana." Wakanivua viatu, wakaninawisha mikono, wakanipeleka kwenye chumba alimokaa Saumu katika eda, amevaa nyeupe, amekonda, mwanya ule ule. Mwenye haki ya kukaa pale nilikuwa mimi. Alinishika shingoni akalia, "Wifi, tumebaki yatima." Mkoba wangu ulikuwa kati yetu, na ndani yake cheti. Niliweka mkono juu ya zipu. Nakumbuka kwamba niliifungua.

Saumu akajifuta macho, akamwita binti yake alete kitu kutoka kabatini. Mwende aliingia amekikumbatia. Ilikuwa ile sweta ya kiume, imekunjwa vizuri, ina harufu ya ubani, na paa wake bado weupe, maana nani angevaa sufu Ukunda? "Yangu nitabaki nayo," Saumu akasema, "hii ni yako. Wewe ndiye uliyemjua kabla yetu sote." Mkoba ulikuwa wazi. Nikaitia sweta ndani, juu ya karatasi, ikajaa mpaka zipu ikakataa kufunga.

Mtoto hakuondoka. Aliketi kwenye mkeka, akanyanyua uso. Ana macho ya baba yake, yale ya kuomba. "Shangazi," akasema, "baba alikuwa vipi alipokuwa mdogo? Mama anasema wewe ndiye unayejua."

Sikumjua Daudi alipokuwa mdogo. Nilimjua akiwa na miaka ishirini na tisa. Saumu alinitazama, naye anasubiri.

"Alikuwa anapenda ukoko wa ugali," nikasema. "Tulikuwa tunagombania."

"Na alikuwa mtundu?"

"Hapana. Alikuwa mwoga. Akivunja kitu, alikuwa ananitazama tu, ili niseme ni mimi."

Mwende akacheka, na mama yake akacheka kidogo huku machozi yakimtoka.

"Na wewe ulikuwa unasema ni wewe?"

"Kila mara," nikamjibu.